Meza ya Pool ya Futi Ngapi Itaingia Chumbani Kwako? Pima Hivi Kabla ya Kulipa

Karibuni. Leo tunachagua ukubwa wa meza ya pool ya nyumbani, na kazi inaanzia chumbani kwako, dukani baadaye. Shika jambo hili tangu sasa: kinachokula nafasi ni fimbo kuliko meza. Wengi hupima meza, wakaona inakaa vizuri katikati ya sebule, wakalipa. Siku ya kwanza ya kucheza, kila mpira mweupe ukikaa karibu na raba, yaani ule ukingo wa ndani unaorudisha mpira, kitako cha fimbo kinagonga ukuta.

Andaa tepu ya kupimia ya mita 5 au zaidi, chaki au tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, na fimbo ya pool ya urefu kamili. Fimbo ya kawaida ya mtu mzima ni inchi 58, yaani sentimita 147. Huna fimbo? Nunua bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, ulikate sentimita 147. Usitumie mpini wa ufagio, kwani mwingi ni mfupi na utakudanganya.

Hatua ya kwanza, pima chumba. Usipime ukuta kwa ukuta ukaridhika. Pima mahali chumba kinapobana zaidi: kwenye nguzo iliyotokeza, kabati, pazia zito, friji, mlango unaofungukia ndani. Ukuta wenye dirisha la vioo uhesabu kama ukuta kamili hata kama dirisha limeingia ndani sentimita 10, maana kitako cha fimbo kikipita hapo kinakutana na kioo. Kochi fupi lenye mgongo wa chini ya sentimita 70 haliizuii fimbo, kwa sababu fimbo hupita juu ya ukingo wa meza. Ila mchezaji naye anahitaji pa kusimama, na huwezi kumsimamisha juu ya kochi. Andika namba mbili tu: upana wa kweli na urefu wa kweli.

Kama sakafu ina marumaru za sentimita 60 kwa 60, unaweza kuzihesabu kupata picha ya haraka. Vipande 7 ni kama mita 4.2. Baada ya hapo rudi kwenye tepu, kwa sababu vipande vya pembeni karibu kila mara vimekatwa.

Hatua ya pili, zijue saizi. Hapa ndipo maneno ya muuzaji yanapochanganya. Anaposema "futi 8" anataja jina la meza, na jina hilo halikupi kipimo cha uwanja wa kuchezea. Kipimo unachokihitaji kinachukuliwa kutoka ncha ya raba ya upande mmoja hadi ncha ya raba ya upande wa pili, ndani kwa ndani. Meza yoyote iliyotengenezwa sawasawa, urefu wa uwanja wake ni mara mbili ya upana. Ukipima ukakuta si hivyo, iache.

Meza ya futi 9, ile ya mashindano ya kimataifa, uwanja wake ni sentimita 254 kwa 127. Ya futi 8 ya nyumbani ni kama 224 kwa 112. Ya futi 7 ya mtindo wa Marekani ni kama 198 kwa 99, hutofautiana kidogo kwa kiwanda. Ya futi 7 ya mtindo wa Uingereza ni ndogo zaidi, kama 183 kwa 91, na mashimo yake ni membamba kwa sababu mipira yake ina kipenyo cha milimita 51, wakati ya Kimarekani ni milimita 57. Usinunue mipira kabla ya kujua meza yako ni ya mtindo upi. Mipira mikubwa kwenye meza ya Kiingereza inabana mdomoni mwa shimo, na kama ni meza ya sarafu, ile ya baa inayotoa mipira ukitumbukiza sarafu, inakwama ndani, kwenye njia ya kurudishia.

Hatua ya tatu, piga hesabu. Chukua upana wa chumba, toa fimbo mbili, yaani 294, kwa sababu kuna mchezaji kila upande. Kisha toa sentimita 30 nyingine, 15 kila upande, za mkono kuvuta fimbo nyuma kabla ya kupiga. Kinachobaki ndicho upana wa uwanja unaoruhusiwa. Fanya vivyo hivyo kwa urefu.

Tuchukue sebule ya mita 4.2 kwa 5.4. Upana: 420 toa 294 toa 30, zinabaki 96. Urefu: 540 toa 324, zinabaki 216. Futi 7 ya Kiingereza inaingia bila shida. Futi 7 ya Kimarekani inazidi upana kwa sentimita 3, maana yake mkono unavuta sentimita 13 na nusu badala ya 15. Hilo linavumilika. Futi 8 je? Inakuachia sentimita 7 kila upande za kuvuta fimbo. Utacheza, lakini kila mpira ulioganda kwenye raba utaupiga kwa hofu, na ukuta utapata alama. Kwa chumba hiki sisi tungechukua ya futi 7 bila kubishana.

Sasa weka kabati la televisheni la kina cha sentimita 45 upande mmoja wa urefu. Zinabaki 171 na hata ile ndogo ya Kiingereza imekataa. Usijidanganye kwamba kabati ni fupi na fimbo itapita juu. Juu ya kabati kuna televisheni.

Angalia tena namba za upana: kutoka futi 9 kushuka hadi futi 7 umeokoa sentimita 28 tu. Kubadili fimbo ya 147 ukatumia ya inchi 52, yaani sentimita 132, kunaokoa 30, zaidi ya kushusha meza saizi mbili! Ndiyo maana wauzaji hupenda kusema "chukua kubwa, tutakupa fimbo fupi". Usikubali haraka hivyo. Fimbo fupi hubadilisha uzito mkononi na mahali pa kushika, na mtu anayejifunza kwa fimbo mbili hakai sawa na yoyote. Meza ndogo inayochezeka pande zote kwa fimbo kamili ni bora kuliko kubwa yenye kuta mbili za kukwepa. Fimbo fupi iweke moja tu, kwa ajili ya nguzo au kona moja sumbufu. Kwa chumba cha kulala cha mita 3.6 kwa 3.6 hesabu inabakiza sentimita 36, kwa hiyo hapo ni meza ya watoto na fimbo za watoto.

Na wenye nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu: vyumba vile vilijengwa vyembamba kwa kufuata urefu wa boriti za mikoko, mara nyingi havifiki mita 3. Fimbo mbili peke yake ni mita 2.94. Chumba hicho hakina meza. Ukifikiria uani au barazani, pawe na paa na pasipigwe na mvua ya pembeni, maana unyevu wa pwani huvimbisha MDF, yaani mbao za unga zilizogandamizwa, na kitambaa kibichi huufanya mpira uende kama umefungwa breki.

Hatua ya nne, ichore sakafuni. Chora uwanja kwanza, kisha ongeza kama sentimita 15 hadi 20 kila upande kwa ajili ya ukingo wa mbao, ndipo upate umbo zima la meza. Sogeza meza ya chakula hapo, kwa kuwa kimo chake hukaribiana na cha pool, ambacho ni kama sentimita 74 hadi 79. Inama, shika fimbo, jifanye mpira mweupe umegusa raba katikati ya upande mrefu, fimbo ikielekea moja kwa moja ukutani. Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Kwenye kona fimbo hulala mshazari na kupata nafasi zaidi, hivyo usipime kona ukafikiri umemaliza.

Tazama na juu. Mchezaji akiinua kitako cha fimbo kupiga mpira kwa fimbo iliyosimama, ncha iko sentimita 80 hivi kutoka sakafuni na kitako kinafika mita 2.2 au zaidi. Pangaboi linaloning'inia usawa huo lazima lihamishwe. Taa yenyewe iwe katikati ya meza, sentimita 80 hadi 90 juu ya kitambaa. Ikikaa upande mmoja, kila mpira unatupa kivuli na jicho linakosea.

Hatua ya tano, njia ya kuingilia, ambayo wengi huikumbuka lori likiwa getini. Meza ya futi 8 yenye sleti, yaani bamba la jiwe chini ya kitambaa, huwa na uzito wa kilo 350 hadi 450. Za nyumbani nyingi zina sleti ya vipande 3, hivyo hufunguliwa na kupandishwa ngazi kipande kwa kipande. Meza za sarafu za baa huwa na sleti ya kipande kimoja. Mlangoni inaweza kupita ikilazwa ubavu, lakini ikashindwa kukata kona ya korido. Pima korido na kona ya ngazi. Gonga pia marumaru pale miguu itakapokaa. Kipande kinacholia mvungu hakina saruji chini, na mguu wenye kilo 100 utakipasua. Weka kibao cha mbao ngumu chini yake au kibadilishe kabla. Sakafu ya mbao ghorofani ikaguliwe na mhandisi kwanza.

Meza ya MDF ni nyepesi na ya bei nafuu, inafaa kama nyumba ni ya kupanga na utahama. Ikipinda haina dawa.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akutumie picha nne za tepu ikiwa juu ya meza yenyewe: raba hadi raba kwa upana, raba hadi raba kwa urefu, upana wa nje pamoja na ukingo, na unene wa sleti, ambao kwa meza nzuri ni milimita 19 hadi 25. Akikuletea picha ya katalogi, mwombe tena ya tepu.