Kumtambua Kibisi katika Mabwawa ya Malindi

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mnaotembeza wageni hapa Malindi, asalaam aleikum, na asanteni kwa kufika.

Wengi humtafuta kibisi, ndege mdogo wa majini apigaye mbizi, pale Mto Sabaki unapomwaga baharini, wakarudi bila kumwona. Maji ya pale yana tope, tena hupanda na kushuka na bahari. Kibisi huwinda kwa macho akiwa chini ya maji, kwa hiyo tope linamnyima riziki. Mtafuteni kwenye maji matamu yaliyotulia, yenye matete na myungiyungi: mabwawa ya mashambani, Ziwa Jilore, na Ziwa Chemchem mvua za masika zikilijaza. Nendeni alfajiri, kabla ya saa tatu. Kusi likishavuma, viwimbi humficha ndege mdogo namna hii.

Wa kwetu ni kibisi mdogo. Wenziwe wawili wa Kenya, kibisi kishungi na kibisi shingo-nyeusi, ni wa maziwa ya Bonde la Ufa na nyanda za juu. Ukidhani umemwona mmojawao huku Pwani, tazama tena kabla hujaandika.

Urefu wake ni sentimita 25 hadi 29. Kwa mbali anaelea kama kitumbua kwenye mafuta, mviringo, na nyuma hana mkia wa kuonekana, ila manyoya laini yaliyotutumka. Rangi ndiyo inayowapoteza watu. Wakati wa kuzaa, mashavu na shingo huwa na wekundu wa kutu na mwili huwa mweusi-kahawia; baada ya hapo hupauka, ukadhani ni ndege mwingine. Basi anzeni na mdomo: mfupi, mnyoofu, umechongoka. Bata mdomo wake ni bapa. Kwenye pembe ya mdomo wa kibisi kuna doa la manjano, nalo huonekana vizuri zaidi wakati wa kuzaa. Kukuziwa ana kibandiko chekundu kwenye paji la uso na hutikisa mkia akiogelea. Mnandi ana shingo ndefu na ncha ya mdomo iliyopinda, na akishavua hutua mtini kuanika mabawa. Kibisi hatui mtini.

Miguu yake imeota nyuma kabisa, karibu na mahali mkia ungekuwa, na kila kidole kina kipande cha ngozi pembeni, si utando wa kuunganisha vidole kama wa bata. Miguu hiyo humsukuma vizuri sana chini ya maji, lakini nchi kavu hutembea kwa taabu. Mengi ya maisha yake yanatokana na hapo.

Akizama, anza kuhesabu. Usiikazie darubini pale alipozamia. Ishushe, utazame bwawa lote kwa macho, kwani ataibuka kwingine. Kwa kawaida hukaa chini sekunde 10 hadi 25, akifuata viluwiluwi, wadudu wa majini, konokono na samaki wadogo. Zikipita 30 hujamwona, chunguza ukingo wa matete: akiingiwa na hofu huibuka humo taratibu, kichwa tu kikiwa nje. Wakati mwingine hata hapigi mbizi. Hubana manyoya yake hewa ikatoka, akadidimia kimyakimya. Msipomwona, sikilizeni. Sauti yake ni mtetemo mkali wa haraka, mara nyingi dume na jike wakiitikiana.

Kiota ni rundo la majani mabichi na yanayooza, linaloelea likiwa limefungamana na matete. Mara nyingi mayai huwa manne hadi sita, meupe yakitagwa, kisha hugeuka kahawia kwa uchafu wa majani. Wazazi wote wawili huatamia, kwa siku 20 hivi. Mzazi akiondoka huyafunika kwa majani, na hapa ndipo wageni wetu wanapoharibu. Mtu akitokea ghafla, ndege huchupa kabla hajafunika, mayai yakabaki wazi kwa jua na kwa kunguru wa Bara Hindi, ambao hapa mjini hawana idadi. Ukimwona akizunguka karibu nawe bila kuondoka, rudi nyuma. Hatari ya pili ni pampu za kumwagilia. Maji yakishuka upesi, kiota hukaa juu ya tope: mzazi anakifikia kwa shida, mbwa na kenge wanakifikia kwa urahisi. Vifaranga wana mistari kichwani, na hupanda mgongoni kwa wazazi. Mkiona kichwa kidogo kikichungulia kwenye manyoya, hesabuni polepole.

Wavuvi, nawaomba mnisikilize. Nyavu za nailoni nyembamba hazionekani chini ya maji, na kibisi akinasa huzama akafa. Kule Madagaska, kibisi wa Ziwa Alaotra alitangazwa mwaka 2010 kuwa ametoweka duniani, na nyavu hizo zilikuwa miongoni mwa sababu, pamoja na samaki wageni walioletwa ziwani na kuzaana kwake na huyu kibisi mdogo. Kibisi huwinda zaidi mchana. Nyavu zikitegwa baada ya magharibi na kutolewa kabla ya mapambazuko, tena mbali na matete, wengi watasalimika.

Katika daftari andikeni tarehe, saa, jina la bwawa, kina cha maji kwa kulinganisha na mti au jiwe lile lile kila mara, idadi ya wakubwa na ya vifaranga. Kama hamkumwona, andikeni sifuri. Msiuache ukurasa mtupu.