Amina Hakuchapwa: Ndoa, Deni na Ukatili katika Riwaya ya Peponi

Mhadhara uliotolewa Tabora mjini

Wazee wetu, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliosimama kule mlangoni kwa kukosa viti: asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, na kwa waliobaki, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie ukatili, ndoa na jinsia katika riwaya ya kisasa. Nimechagua riwaya moja tu, na nimezikwepa kwa makusudi zile za mtihani, kwa sababu zile mmeshazikariri dhamira zake mpaka mnaziota. (Kicheko.) Niliyoichagua ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Ilitoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise, ikaingia orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka huohuo. Mwandishi alizaliwa Unguja mwaka 1948, akahamia Uingereza akiwa kijana, na mwaka 2021 akapata Nobeli ya Fasihi. Mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akatuletea kwa Kiswahili, ikachapishwa na Mkuki na Nyota. Kwa hiyo hakuna tena kisingizio cha lugha.

Mtauliza, kwa nini Tabora? Kwa sababu riwaya hii ni ya njia ya misafara, na njia hiyo ndiyo iliyotuzaa. Watu walitoka pwani na vitambaa na shanga, wakapanda mpaka Unyanyembe, yaani hapa kwetu Tabora, wakapumzika, wakashuka Ujiji, wakavuka ziwa. Na katika njia hiyo ndoa ilikuwa sehemu ya biashara. Tippu Tip, yule tajiri wa misafara ya pembe na watumwa aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili, alikuwa na baba mfanyabiashara aliyeoa hapahapa Unyanyembe: mkewe alikuwa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Mkwe wa mtemi hakuwa mgeni tena. Alipata ardhi, alipata ulinzi, mizigo yake ikapita. Karunde mwenyewe alionaje? Wasimuliaji wa misafara hawakuwa na tabia ya kuuliza swali hilo. Gurnah ameliuliza, miaka mia baadaye, kwa binti wa kubuni anayeitwa Amina.

Kisa ni hiki, kwa ufupi kwa ambao hawajasoma. Yusuf ana miaka kumi na miwili. Tajiri mmoja, Aziz, hufika kwao mara kwa mara, ananukia manukato, anampa mtoto sarafu. Yusuf anamwona kama ndugu wa baba yake. Siku moja anaambiwa atafuatana naye safari. Wanapanda treni, wanafika pwani, na huko anakabidhiwa dukani kwa kijana anayeitwa Khalil. Khalil ndiye anayemfumbua macho: Aziz si ndugu yako. Baba yako anadaiwa, na wewe ni rehani.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tukae.

Mwanafunzi akiulizwa kuhusu ukatili katika Peponi, ataandika kwamba mnyapara Mohammed Abdalla anawatesa wapagazi, kwamba sultani Chatu anauteka msafara na watu wanapigwa, kwamba Wajerumani wanatawala kwa bunduki. Yote yamo kitabuni, na mwalimu atamwekea vema. Lakini ameandika ukatili unaopiga kelele. Katika nyumba ya Aziz hakuna kelele. Kuna bustani, kuna maji, kuna mikomamanga. Tajiri hanyanyui sauti. Ninasema, nanyi mtanibishia baadaye, kwamba ukatili mkubwa kuliko wote katika riwaya hii umefanyika ndani ya nyumba hiyo, kwa adabu, na jina lake ni ndoa.

Khalil pia ni rehani. Baba yake alikuwa na duka dogo, akazama katika deni la Aziz. Na hakuletwa peke yake. Aliletwa na Amina, ambaye tunamjua kama dada yake. Hawakuzaliwa tumbo moja. Amina aliibwa akiwa mtoto mdogo kabisa, na baba wa Khalil ndiye aliyemwokoa mikononi mwa wezi, akamleta nyumbani, akamfanya binti. Tendo la huruma lililoje! Kisha deni likambana, na yule aliyemwokoa akamtoa.

Angalieni hesabu ilivyofanywa. Watoto wawili, deni moja. Mvulana anawekwa dukani, anauza sukari na mchele, analala kibarazani. Msichana anaingizwa ndani, anakuzwa, na akibaleghe Aziz anamwoa. Siku ya ndoa hiyo deni linafutwa na Khalil anakuwa huru kwenda zake. Haendi. Anabaki kwa ajili ya Amina. Miaka yote ya Khalil ya kuuza dukani haikulipa lile deni. Lililipwa kwa mwili wa dada yake kuwa wa mtu mwingine. Nikisoma hapo huwa nafunga kitabu kwanza.

Mzee mmoja hapa mbele ananiambia kwamba mahari si deni. Nakubaliana naye, mzee wangu, na wala sijaja kushambulia mahari. Wazee wa Kinyamwezi walijua kutofautisha mambo haya kuliko sisi. Ilikuwepo ndoa ya kukwa, yenye mahari, na ilikuwepo butende, isiyo na mahari, ambapo watoto walihesabiwa upande wa mama. Kwa hiyo walijua kwamba mali ikipita mkono huu kwenda mkono ule, kuna haki zinazohama nayo, na walizitaja hizo haki waziwazi mbele ya watu. Katika nyumba ya Aziz hakuna kinachotajwa. Hapaletwi ng'ombe wala jembe. Kinachotolewa ni kitu kilichokuwa kimeshachukuliwa zamani, yaani fedha zilizoliwa na duka lililofilisika. Binti anaolewa ili kufunga daftari.

Ninyi wa Urambo na Kaliua mnaolima tumbaku hamhitaji kufundishwa deni ni nini. Unakopeshwa pembejeo, mvua inakwenda kombo, mzani unasoma kidogo, msimu mpya unaanza wewe ukiwa nyuma. Sisemi kuna mtu aliyemtoa bintiye kwa ajili ya mbolea. Ninachosema ni kwamba mnaijua ile hali ya mtu mzima mwenye heshima zake kukaa usiku na kupiga hesabu ya alichobakiza ndani ya nyumba. Gurnah hamwonyeshi baba wa Yusuf kama shetani, wala baba wa Khalil. Ni watu waliobanwa. Na ukibanwa, unaanza na nani? Unaanza na asiyeulizwa.

Tuje kwa Aziz. Wasomaji wengi wanapenda kumtetea. Mpole, mcha Mungu, habaki na kinyongo, hata msafara wake ukiangamia hapotezi utulivu. Sina ugomvi na upole wake. Ila upole huo unagharamiwa. Anaye Mohammed Abdalla wa kutisha watu kwa niaba yake, na anayo desturi ya kumletea mke bila yeye kunyoosha mkono. Tajiri wa namna hii hachafuki. Ndiyo maana ni vigumu kumchukia, na nadhani mwandishi alitaka iwe vigumu.

Bi Zulekha sasa. Naona dada yule wa safu ya nyuma ameanza kutikisa kichwa kabla sijafika popote. (Kicheko.) Huyu ni mke mkubwa wa Aziz, mjane tajiri aliyemzidi umri, na utajiri wake ulimfaa sana Aziz mwanzoni. Ana alama usoni inayomwaibisha, hatoki nje. Ametundika vioo kwenye miti ya bustani ili amwone Yusuf bila kuonekana. Kisha anaamini kwamba kijana yule mzuri akimsomea dua na kuigusa alama yake, atapona.

Kuna tukio chumbani ambalo naomba mlisome polepole mtakapokipata kitabu. Zulekha anazungumza Kiarabu, Yusuf hakijui. Anayekaa katikati na kupokezana maneno ni Amina. Mke mkubwa anamtamani kijana, na mke mdogo ndiye anayelazimika kuyatamka matamanio hayo kwa mdomo wake, mbele ya kijana ambaye naye ameshaanza kumpenda yeye Amina. Watu watatu chumbani, hakuna aliyefika pale kwa hiari, hata yule anayeamrisha. Zulekha ana mali lakini hana mlango wa kutokea. Wanafunzi wangu humcheka, wanamwita kizee cha tamaa. Aziz akioa binti aliyeletwa kwa deni hawacheki. Hapo mjiulize wenyewe.

Mnaijua njia inakokwenda. Zulekha anamshika Yusuf, Yusuf anakimbia, shati linachanika mgongoni. Kila mtoto aliyepita chuo cha Kurani kule Ng'ambo au Gongoni anakumbuka Sura ya 12: kanzu ikiwa imechanika nyuma, basi mwanamke ndiye mwongo. Na waliosoma Mwanzo sura ya 39 wanamkumbuka mke wa Potifa na vazi lililobaki mkononi mwake. Gurnah amekichukua kisa tunachokipenda wote, nacho katika riwaya kinafanya kazi ileile, kinamsafisha Yusuf. Sina shida na hilo. Ila nikatafuta nguo ya Amina. Ni ushahidi gani uliochanika unaoweza kumtetea? Hakuna. Alivishwa vizuri siku ya harusi yake, na hakuna uzi uliokatika.

Hapo ndipo sheria nayo inapokwama. Tunayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na ni sheria nzuri kwa mengi. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Amina hakuchapwa, kifungu cha 66 kisingemhusu. Kifungu cha 16 kinataka ridhaa ya hiari. Amina angeulizwa mbele ya kadhi angesema ndiyo. Angesema nini tena, na kaka yake amesimama rehani nje dukani? Kuhusu umri, kifungu cha 13 kiliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na mtetezi wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, kwamba hilo linapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Hilo la umri linapimika, cheti cha kuzaliwa kinatosha. Lakini binti wa miaka ishirini anayesema ndiyo kwa sababu ya deni la nyumbani, nani atampima?

Niseme kidogo juu ya wavulana, maana tukitaja jinsia tunawasahau. Yusuf anatamaniwa na kila mtu. Ma Ajuza, mteja wa dukani, anamkumbatia mbele za watu akimwita mume wangu, na watu wanaangua kicheko. Mnyapara naye anatisha kwa namna nyingine, na vijana wa msafarani wanajua kwa nini wamwogope. Mtoto wa kiume aliye rehani hana ngome ya mwili wake. Kinachomtofautisha na Amina ni kwamba hofu yake inafanywa mzaha, na kwamba yeye siku moja anaweza kukimbia.

Na anakimbia kweli. Kabla ya hapo anamwambia Amina aondoke katika nyumba ile, naye atafuatana naye. Amina anabaki. Kisha wanakuja Wajerumani na askari wao kukamata vijana wa kupeleka vitani, Yusuf anajificha dukani, na safu inapoondoka anatoka na kuikimbilia, macho yakimchoma. Wahakiki wanabishana: ni uhuru au ni utumwa mpya? Mimi ninaona ni kijana aliyechagua bwana kwa mara ya kwanza maishani mwake, na hata uchaguzi huo mbaya ulikuwa wa wanaume tu. Kwa Amina hakuna jeshi linalopita. Kwa kumbukumbu, Wajerumani hao hawakufuta utumwa moja kwa moja. Waliamua tu kwamba watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Ufutaji wa kisheria hapa Tanganyika tuliungoja mpaka 1922, chini ya Waingereza. Sheria ile ilimgusa mtumwa. Mke aliyeletwa kwa deni aliendelea kuitwa mke.

Nimeshavuka muda, mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali tuanze na yule dada wa nyuma anayemtetea au anayempinga Bi Zulekha, bado sijajua. Mpeni kipaza sauti.