Poni wa Exmoor na punda wa babu

Asalaam aleikum watu wangu wa Amu, kwetu Lamu, na nyie wa Shela na Matondoni najua mpo, hodi hodi. Mnisamehe kwa upepo, hii maiki nimeivalisha soksi na bado yavuma, niko Exmoor, kusini magharibi ya Uingereza, nimeondoka Birmingham usiku usiku, mke wangu kaniuliza waenda kuangalia nini nikamwambia farasi, akasema kwani huku hakuna farasi.

Sasa hawa si farasi wa kawaida bwana. Ngoja nigeuze kamera. Mwamuona yule pale? Hii ni poni, farasi mdogo, kwa kimo hawapishani sana na punda wetu, sentimita 115 hadi 130 hivi begani, rangi ya kahawia, halafu mdomo na kuzunguka macho kama mtu kampaka unga. Wote hivyo. Doa jeupe hawalitaki kabisa.

Nivute hapo kwenye jicho... aah, tulia mama. Angalieni ukope huo ulivyonona, kama umefura, wenyewe waliita jicho la chura. Kazi yake mvua, maji yakishuka kwenye paji la uso yapita pembeni hayaingii jichoni. Na mkia nao, pale juu kwenye shina, kuna nywele fupi zimetanuka kama upepeo zamwaga maji yasimlowe katikati ya mapaja. Manyoya yake ya baridi ni tabaka mbili, ya ndani laini ya joto, ya nje magumu ya mafuta, hata theluji yamkalia mgongoni haiyeyuki. Mimi nimevaa majaketi matatu pua yatiririka, yeye atafuna kichaka cha miiba.

Basi hawa karibu waishe. Vita kuu ya pili jeshi lilifanya mazoezi milima hii, wenye mifugo wengine wako vitani, mageti yameachwa wazi, kuna askari waliokuwa wawalenga kwa bunduki kama shabaha, na wengine waliibiwa wakaliwa maana nyama ilikuwa ya rasheni. Vita vinaisha wamebaki kama 50. Hamsini jamani! Kwetu Amu, mtaa wa Langoni, asubuhi moja punda wa idadi hiyo wakuzuia njia na shogi zao za mchanga na hakuna anayeshtuka.

Akatokea mama mmoja, Mary Etherington, akawachochea wakulima waanze tena na wale waliobaki. Chama chao kilikuwepo tangu 1921, na kitu kilichonishangaza mimi si pesa, ni daftari. Kila poni kaandikwa, mama yake nani, dume gani, kundi la nani, na mpaka leo msimu wa majani kupukutika wateremshwa kutoka mlimani, watoto wakaguliwa mmoja mmoja, wapewa namba. Ukibaki na wanyama 50 bila daftari utazalisha ndugu kwa ndugu hujui.

Sasa nyie mtasema huyu kaenda ulaya karudi na habari za farasi. Lakini Kenya hii hii punda walihesabiwa kama milioni 1.8 mwaka 2009, sensa ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2, na katikati hapo, kuanzia 2016, vilifunguliwa vichinjio vya punda, ngozi zaenda Uchina kutengenezewa dawa, wezi nao wakapata soko. Vikapigwa marufuku 2020. Sisi Amu tuna bahati, tuna kliniki ya punda tangu 1987, na hakuna pikipiki itakayobeba matofali kwenye kichochoro cha Mkomani, ila daftari hatuna. Daftari letu ni wazee. Babu yangu, Mungu amrehemu, akimuona punda apita ufukweni akwambia huyu ni mjukuu wa yule wa fulani, mwangalie alivyoweka kwato. Mimi nilikuwa nacheka. Kafa nayo yote.

Mama, najua waangalia. Yule jike wa babu, mwenye sikio lililopasuka, aliyekuwa akikataa kupita karibu na jahazi, si alikuwa na mtoto jike akauzwa Matondoni? Kwa nani? Niandikie hapo chini, na kama mwenye naye yupo aniambie kazaa wangapi, mimi nina kalamu hapa.

Eh, mvua hiyo! Kamera yangu... muoneni lakini, muoneni jicho, hata hakupepesa.