Uyoga wa Shingo ya Twiga

REHEMA: Haya, tumerudi. Na kabla hujauliza, ndiyo, ule uyoga umetoka.

OTHMAN: Wala sijauliza, Da Rehema. Ila harufu ilinipokea getini.

REHEMA: Mifuko 12 ya majani ya mpunga, stoo kwa mama. Dirisha nikaliziba kwa blanketi, si wanasema uyoga unapenda giza? Juzi nafungua, nakuta vikonyo virefu kama vijiti vya mishikaki, kofia kama kifungo cha shati.

OTHMAN: Twiga!

REHEMA: Twiga hasa. Kumbe zile nyuzi za uyoga, zinazotambaa ndani ya majani kabla kofia haijatoka, ndizo hazijali giza. Kofia inataka mwanga na hewa safi. Hewa ukaa ikijaa, kikonyo kinarefuka tu. Na kuvu, yaani uyoga na ukungu, wana jeni za kuhisi mwanga wa buluu. Kwenye Neurospora, ule ukungu wa rangi ya chungwa, jeni hiyo ikiharibika nyuzi zinabaki nyeupe hata mwangani. Wakaiita "kola nyeupe".

OTHMAN: Mimi nimekutana na Schizophyllum, kale kauyoga kenye manyoya meupe kanakoota kwenye magogo. Kana jinsia zaidi ya 20,000!

REHEMA: Si jinsia, ni aina za uchumba. Na leo tuna mafunzo matatu ya wakulima, mdogo wangu.

OTHMAN: Mshenga ataanzia wapi? Anafika ukweni, "Hodi, nyie A gani? B gani?"

REHEMA: Hapo umepatia bila kujua. Sehemu za jeni ni hizo hizo, A na B, na lazima wachumba watofautiane zote mbili. B inaruhusu viini, vile vinavyobeba jeni ndani ya seli, vya mmoja visafiri ndani ya nyuzi za mwenzake. A inavipanga viwili viwili kila seli inapogawanyika.

OTHMAN: Wakifanana, mshenga anarudi na barua yake.

REHEMA: Na hata wakioana viini haviungani. Vinakaa seli moja, kila kimoja kivyake, mpaka kofia itoke. Kule chini ya kofia, kwenye vile vikunjo, ndipo vinaungana, na papo hapo vinagawanyika kutoa spora, vile vijimbegu vya uyoga.

OTHMAN: Ndoa nzima vyumba tofauti! Mahari nadai irudi.

REHEMA: Ila usiite jinsia. Jinsia ni yai kubwa na mbegu ndogo. Hapa kila mmoja anatoa viini na anapokea.

OTHMAN: Jeni ikiamua nani aoane na nani, mimi naita jinsia.

REHEMA: Basi na ukoo ni jinsia. Kwetu hatuoani ndani ya ukoo.

OTHMAN: Ukoo hauko kwenye seli.

REHEMA: La yai hujajibu.

OTHMAN: Na wewe la mshenga.

(Kimya.)

REHEMA: Dakika ngapi zimebaki?

OTHMAN: Moja.

REHEMA: Na mafunzo yangu? Kuchemsha majani, mbegu, kumwagilia...

OTHMAN: Wiki ijayo. Leo kaondoe blanketi. Wale twiga mliwafanyaje?

REHEMA: Mama kawaunga nazi. Tumekula shingo.

OTHMAN: Za jinsia gani?

REHEMA: Zima hiyo maiki.