Kikomo chako kiwe kimeandikwa kabla hujaiona nyumba

Habari za jioni jamani, asanteni kwa kuja, najua wengi mmetoka kazini moja kwa moja. Nimeombwa niongee na watu wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza, tena sehemu ambazo nyumba ni chache na wanaozitaka ni wengi. Mimi sio dalali wala sio mtu wa benki, ni mnunuzi tu kama nyie, nilikosa nyumba tatu kabla ya kupata hii ninayokaa leo, na ile ya tatu mpaka kesho nashukuru niliikosa, nitafika huko.

Nyumba ya kwanza kabisa kwenda kuiangalia nilikuta watu wanapishana kwenye korido, kila chumba ukiingia kuna mtu anapima dirisha kwa macho, na dalali kasimama jikoni anasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba kuna ofa tatu tayari na kesho saa nne asubuhi mwenye nyumba anaamua. Kuanzia hapo akili yangu haikuwa yangu tena. Usiku ule nilipandisha dau mara tatu kwa simu, mara tatu jamani, na kila nikikata simu najiambia kaongezeko kadogo tu haka, na sikuwa najua nashindana na nani wala kama kweli wapo. Nilishindwa. Kilichoniuma sana kesho yake ni kwamba dau langu la mwisho lilikuwa limepita uwezo wangu kwa mbali, yaani ningeshinda ningeumia kuliko nilivyoumia kushindwa.

Kuna kitu nilikuja kukisoma baadae kikanifungua macho. Mwaka 1971 mainjinia watatu wa mafuta huko Marekani, Capen, Clapp na Campbell, waliandika kuhusu makampuni yanayoshindania vitalu vya mafuta Ghuba ya Mexico. Waliona makampuni yaliyoshinda minada yalikuwa yanapata faida ndogo kuliko yalivyotegemea. Sababu ni hii, hakuna anayejua kwa uhakika chini ya bahari kuna mafuta kiasi gani, kila mtu anakadiria, mmoja anakadiria chini mwingine juu, na anayeshinda mnada mara nyingi ni yule aliyekadiria juu kupita wote. Wanaiita laana ya mshindi. Washindani wakizidi kuwa wengi ndo hatari ya mshindi kulipa zaidi inaongezeka. Sasa angalia korido ile iliyojaa watu halafu fikiria.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa leo, na mengine yote yanatoka hapo: andika namba yako ya mwisho kabla hujaenda kuiona nyumba. Iandike kwenye karatasi, kama mnanunua wawili muandike wote na mkubaliane kwamba hakuna wa kuibadilisha usiku wa ofa. Ukishaiona nyumba, ukishaanza kuwaza kitanda cha mtoto kitakaa wapi, hapo ni too late, hesabu zako zitaanza kuitetea nyumba.

Namba hiyo inatoka wapi? Watu wengi wanaenda benki, benki inasema tunaweza kukupa kiasi hiki, basi hicho ndo kinageuka bajeti. Hapana. Kile ni kiasi ambacho benki inaamini inaweza kukirudisha kutoka kwako, haijui kwamba unamlipia mdogo wako ada, haijui mnataka mtoto wa pili, haijui kazi yako mwakani itakuwaje. Anza na marejesho ya mwezi unayoweza kuyabeba huku unalala usingizi, halafu rudi nyuma mpaka kwenye bei.

Nipeni dakika moja ya hesabu. Chukua mkopo wa 100,000, iwe pesa yoyote ile, riba 6% kwa mwaka, miaka 30. Marejesho yanakuja karibu 600 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza katika hiyo 600, 500 ni riba tupu, inayopunguza deni ni kama 100 tu. Deni linafika nusu lini? Watu wanasema mwaka wa 15, lakini ni mwaka wa 21. Ukimaliza umelipa kama 216,000. Mkopo huo huo ukiulipa kwa miaka 15 marejesho yanapanda mpaka kama 844 lakini jumla inashuka kwenye 152,000 hivi. Na riba ikiwa 8% badala ya 6, ile 600 ya miaka 30 inakuwa karibu 734. Sasa kama mkopo wako una riba inayobadilika, hiyo 734 ndo ujipime nayo, hii 600 ya leo isikudanganye. Marekani kabla ya 2008 watu wengi walipewa mikopo inayoanza na riba ndogo kwa miaka 2 au 3 halafu inapanda, walipofika kwenye kupanda wengi wakashindwa kulipa na nyumba zikachukuliwa. Uliza mapema, riba hii imefungwa kwa muda gani, ikifunguka inaweza kufika wapi, na nikitaka kulipa mapema kuna faini?

Kuna jaribio moja mimi nililifanya na nalipenda sana. Kabla ya kununua, miezi sita, lipa kodi ya nyumba unayopanga kama kawaida, na ile tofauti kati ya kodi na marejesho unayoyategemea iweke kwenye akaunti nyingine usiiguse. Ukifika mwezi wa tatu umeanza kuichota, umepata jibu bure bila kupoteza nyumba. Ukimaliza sita vizuri, umepata jibu na umeongeza kianzio, yaani ile pesa yako mwenyewe unayoleta juu ya mkopo.

Na kwenye kianzio hapo kuna mtego ambao mimi sikuambiwa na mtu. Benki inakopesha kwa kuangalia bei au thamani aliyoandika mthamini, yule mtu anayekuja kukadiria nyumba ina thamani gani, ile ndogo kati ya hizo mbili. Tuseme umeshinda nyumba kwa 100,000, benki inatoa 80%, wewe una 20,000 yako umekaa vizuri. Mthamini anakuja anaandika 92,000. Benki inakupa 80% ya 92,000, yaani 73,600, na sasa unatakiwa kuleta 26,400. Hiyo 6,400 inatoka wapi ndani ya wiki mbili? Ndo watu wanakimbilia mikopo ya haraka haraka yenye riba ya kuua. Ukipandisha dau kwenye soko la ushindani, kila unachoongeza juu ya thamani kinatoka mfukoni kwako cash, chote. Halafu bado kuna mwanasheria, kodi na ada za kuhamisha umiliki, mthamini mwenyewe, bima, kuhamia, na kitu kitakachoharibika mwezi wa kwanza, maana kipo tu. Usiingie kwenye nyumba mpya na akaunti ya sifuri, tafadhali sana.

Sasa ile nyumba ya tatu. Nilikuwa nimechoka, na dalali ananiambia mnunuzi mwenzako hataki ukaguzi, ukiondoa ukaguzi nyumba ni yako. Nilikaribia kukubali. Nikamuomba fundi mmoja mzee aje na mimi tunavyorudi kuiangalia mara ya pili, nusu saa tu. Chumba cha nyuma kina kuta nne, mzee akasimama katikati akanyamaza, akaniuliza, mwanangu unaona nini? Mimi naona chumba kizuri. Akasema, ukuta mmoja una rangi mpya, mitatu ya zamani. Kweli bwana, ukiangalia kwa pembeni mwanga ukipiga unaona kabisa. Ukuta huo ndo wenye kabati. Tukaomba ruhusa tukalisogeza kidogo, kule chini sentimita kama thelathini kutoka sakafuni rangi imevimba vipovu, akagonga plasta kwa kifundo cha kidole, juu inaita kama ukuta, chini inaita kama debe tupu. Hakusema kitu, akatoka nje akazunguka upande ule ule. Udongo wa bustani ulikuwa umepandishwa juu kuliko sakafu ya ndani, na bomba la mvua kutoka kwenye paa linamwaga pale pale. Akaniambia maji yote ya mvua ya upande huu yanaingia kwenye ukuta huu, rangi wataipiga kila mwaka na kila mwaka itavimba. Kuitengeneza ni kufukua nje, kutengeneza njia ya maji, kubandua plasta yote na kusubiri ukuta ukauke miezi.

Nikaomba bei ishuke, wakakataa, akanunua yule ambaye hakutaka ukaguzi. Namfikiria mara nyingi yule mtu, hana kosa lolote, alitaka tu nyumba kama mimi, na hakuna aliyemwonyesha.

Kwa hiyo ukaguzi usiuachie. Kama ushindani ni mkali, mlete fundi au mkaguzi kabla ya kuweka ofa, hapo unaweza kuweka ofa isiyo na masharti mengi na bado unajua unachonunua. Fungua mabomba yote kwa pamoja uone presha, mwaga maji bafuni uone yanaelekea wapi, angalia dari chini ya kila bafu, na rudi siku ya mvua kama unaweza, na rudi usiku. Ongea na jirani, majirani wanajua mengi na wanapenda kusema.

Mtu anauliza, sasa kama sipandishi dau nitashinda vipi? Wauzaji sio wote wanatafuta bei ya juu tu, wengi wanatafuta uhakika, kwa sababu wameshaangushwa na mnunuzi ambaye mkopo wake ulikataliwa dakika ya mwisho. Njoo na idhini ya awali ya mkopo iliyoandikwa, onyesha kianzio kipo, mwanasheria awe ameshajulikana. Halafu uliza swali ambalo watu hawaulizi: mwenye nyumba anahitaji nini? Hii ninayokaa mimi niliipata na dau langu halikuwa la juu. Yule mama alikuwa anasubiri nyumba yake nyingine iishe kujengwa, alitaka miezi mitatu ya kubaki. Mwenzangu aliyenizidi alitaka ahamie mwezi ule ule. Mimi nilikuwa kwenye nyumba ya kupanga, nalipa mwezi kwa mwezi, nikasema kaa mama, hakuna shida.

Dalali, muwaheshimu, ni kazi yao, lakini mjue analipwa nyumba ikiuzwa, na mara nyingi ni kwa asilimia ya bei. Akikwambia ongeza kidogo tu, kumbuka hilo.

Hati nakwenda haraka lakini msiichukulie haraka. Mwanasheria wako, sio wa muuzaji, aende mwenyewe kwenye ofisi ya usajili wa ardhi: jina kwenye hati ndo la anayeuza? Imewekwa rehani? Kuna pingamizi, kuna mwenzi au ndugu ambaye naye ana haki na hajasaini? Mipaka ipimwe, uzio hauthibitishi kitu. Na pesa zipite kwenye akaunti ya mwanasheria kwa maandishi, zisipite mkononi kwa mtu. Ukipata email inasema akaunti imebadilika tuma huku, usitume, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo toka mwanzo, usitumie namba iliyo ndani ya hiyo email, kuna watu wamepoteza kianzio cha miaka kumi kwa email moja, na pesa ikishatoka kuirudisha ni kazi kweli kweli.

Siku ya kukabidhiwa funguo, pitia nyumba nzima kabla hujasaini, mtu anaweza kung'oa hita au taa ambazo mlikubaliana zinabaki. Piga picha mita ya maji na ya umeme na namba zisomeke. Na vitasa vya milango ya nje vibadilishwe siku hiyo hiyo, kabla hata ya kushusha vitanda, maana huwezi kujua funguo za ile nyumba zilichongwa ngapi wakati watu wanapishana kwenye korido. Haya, naona mkono kule nyuma, karibu dada.