Mgeni Asiyetambulika kwa Macho: Mwani wa Kigeni katika Pwani ya Kusini

Wazee wangu wa Mikindani, mama zangu mliotoka Naumbu na Msanga Mkuu, ndugu wavuvi na wanafunzi, shikamooni na habari za jioni.

Naomba nianze na neno lenyewe. Sisi watu wa pwani tunasema mwani, na neno hilo moja limebeba mamia ya mimea: uliopandwa na uliojiotea, wa kijani, wa kahawia na mwekundu, wa kwetu na uliokuja. Tunasema pia mbegu ya mwani, ilhali kila mama aliyekaa hapa anajua kwamba hiyo si mbegu bali ni kipande kilichovunjwa kwenye mwani wa jana ili kifungwe kwenye kamba ya leo. Mwani wetu hupandwa kama muhogo. Mtu hukata pingili, akaichomeka, ikawa mti ule ule uliokatwa. Nitalirudia jambo hili la pingili mara kadhaa jioni hii, maana ndilo linaloeleza namna mwani wa kigeni ulivyoenea na kwa nini jambo hilo linamgusa mkulima kabla ya kumgusa mtu mwingine yeyote.

Kabla ya kilimo, mwani wa biashara katika nchi yetu ulikuwa ule wa kuokota. Ulijiotea kwenye miamba na kwenye majani ya bahari, watu waliuokota wakati maji yamekupwa, wakaukausha na kuuza. Uokotaji ulipopunguza mwani huo, Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waliohimiza upandwe, naye alianza kuutafiti tangu miaka ya 1970. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, na mbegu iliyotumika ililetwa kutoka Ufilipino. Zilikuwa aina mbili mnazozijua kwa majina ya sokoni, spinosamu na kotonii. Kutoka huko kilimo kikavuka hadi bara na kushuka mpaka kwetu kusini, Mtwara.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hulipita. Spinosamu, ambayo wataalamu huiita Eucheuma denticulatum, si mgeni kwa jina. Ilikuwapo katika bahari hii kabla ya babu zetu kujua Ufilipino ni wapi. Kilicholetwa ni ndugu yake wa Asia, mwenye umbo lile lile na nasaba tofauti. Ukiwaweka wawili hao kwenye kiganja, hutawatofautisha. Siku moja ya bamvua, maji yanapokupwa sana, nilitembea na mkulima mmoja kwenye tambarare ya mchanga, akaniokotea vipande viwili, kimoja cha kambani na kingine cha mwambani, akaniuliza kipi ni kipi. Nilikisia. Nilikosea, naye alicheka hadi maji yalipoanza kujaa. Kwa hiyo mgeni huyu hatambuliki kwa macho. Ni kipimo cha vinasaba pekee kinachomfichua.

Sasa fikirini kinachotokea shambani. Tai-tai, vile viuzi vya kufungia mwani kambani, hukatika, kusi huvuma, mawimbi hupiga, na mwani uliokomaa, ambao ni mzito na dhaifu, huvunjika. Kipande hakifi. Kikinasa kwenye jiwe au kwenye majani ya bahari, kinaendelea kuishi. Kikiondoka kwenye ghuba, kinaupata mkondo. Ule mkondo mkubwa unaotoka mashariki ya Bahari ya Hindi hugonga pwani ya Afrika karibu na Rasi Delgado, jirani kabisa nasi, kisha hugawanyika, tawi moja likielekea Msumbiji na jingine likipanda kaskazini kupita Lindi, Kilwa na kuendelea. Kwa maneno mengine sisi wa Mtwara tumekaa mlangoni, na kinachong'oka kwetu kina njia iliyo wazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu pwani ya Tanzania ulionyesha kwamba nasaba ya Asia imetoka mashambani, imeenea kwenye mwani unaojiotea, na imechukua nafasi iliyokuwa ya nasaba ya hapa.

Huenda mtu akauliza: ikiwa mwani ni ule ule kwa sura, hasara iko wapi? Ni swali la haki, na sipendi kulijibu kwa vitisho. Zipo pwani zilizoumia waziwazi. Katika ghuba ya Kaneohe, Hawaii, jamii ya kotonii iliyoletwa kwa majaribio katika miaka ya 1970 iliota juu ya matumbawe na kuyafunika, hata watu wakalazimika kuunyonya mwani kwa pampu na kufuga wale viumbe wa duara wenye miiba, wanaowachoma wavuvi miguuni, ili waule. Huko Monaco, mwaka 1984, kulionekana mwani mwingine, Caulerpa taxifolia, kwenye eneo lisilozidi sana mita moja ya mraba chini ya jumba la makumbusho ya bahari. Uliachwa, ukasambaa pwani nyingi za Mediterania. Ulipoonekana California mwaka 2000 hawakuuchezea: waliufunika kwa maturubai, wakaingiza klorini chini yake, na mwaka 2006 wakatangaza kwamba umekwisha. Mwani huohuo asili yake ni bahari za joto, yetu ikiwamo, na hapa unaishi na wenzake bila kumsumbua mtu. Kwa hiyo ugeni peke yake si kosa. Mkorosho wetu ulitoka Brazili na muhogo wetu ulitoka Amerika ya Kusini, wala hatuoni haya kuvila. Tofauti ni kwamba mkorosho hauchukuliwi na maji usiku ukaenda kuota kwa jirani.

Hasara yetu sisi ni ya namna nyingine, na inarudi kwenye pingili. Mwani wa kambani umekatwa na kupandwa upya kwa zaidi ya miaka 30, kipande kwa kipande, kwa hiyo shamba zima hukaribia kuwa mmea mmoja. Maji yakipata joto kupita kiasi, hauugui mmoja ukapona mwingine. Yote hugeuka meupe, hulainika na kukatika. Kotonii, ambayo ina bei nzuri kuliko spinosamu, imefia mashambani mwa wakulima wengi kwa sababu hiyo. Mnakumbuka ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwenye muhogo? Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele hapo jirani waliikabili kwa kutafuta aina nyingine zinazostahimili. Waliweza kwa sababu aina nyingine zilikuwapo. Kwa mwani, ghala la aina zinazojua joto la maji yetu na kupwa kwa bamvua zetu ni ule mwani wa asili wa miambani, na ndio unaosukumwa nje kimyakimya na ndugu yake.

Kuna mlango mwingine nitautaja kwa ufupi tu, nao ni bandari. Mtwara ni bandari ya kupakia. Meli inayokuja kuchukua korosho au makaa ya mawe huja nyepesi, imejaza maji ya bahari ya mbali tumboni ili isiyumbe, na inapopakia huyamwaga. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti maji hayo ulianza kutumika Septemba 2017. Hilo ni la wenye meli na wakaguzi, si la mama mwenye kamba.

Lililo letu ni dogo na linawezekana. Mwani uliokatika usiachwe uelee. Uokotwe, uanikwe, maana hata huo una uzito kwenye mizani. Kamba zisifungwe juu ya matumbawe. Mbegu isihamishwe kutoka ghuba moja hadi nyingine kwa sababu tu ya bwana mnunuzi kuwa na nafasi kwenye boti, kabla haijatazamwa kama ina ugonjwa au mwani mwingine ulioiganda.

Tena nina ombi kwa mtakaoshuka pwani bamvua ijayo. Atakayekuta mwani unaojiotea mwambani, mbali na mashamba, achukue kipande cha urefu wa kidole tu, akikaushe kivulini, akifunge kwenye karatasi safi, na juu yake aandike jina la mahali kama wenyeji wanavyopaita na siku aliyokiokota. Kipimo cha vinasaba hufanyika hata kwenye kipande kikavu, nacho ndicho kitakachotuambia kama ni mwani wa kwetu au ni yule mgeni. Mimi nitakuwa hapa Mikindani kuvipokea mpaka bamvua iishe na maji mafu yaingie.