Kiluhya kwa mutu wa Goma: anzia kwa lugha ya kwenu

Ba papa na ba mama, ba yaya, bandugu bote, mulembe! Ukisalimiwa mulembe unajibu mulembe. Tena: mulembe! Aa, sasa tuko pamoja.

Hilo neno ni amani, na halina saa, asubui unaliweka, mangaribi unaliweka, kwa mukubwa na kwa mutoto, na kule Kenya hata wale hawajue neno lingine lolote la Kiluhya hili banalijua, radio iko, Mulembe FM, na wakitaja Waluhya, wenye lugha hiyo kule magharibi ya Kenya, banasema tu watu wa mulembe. Wamaragoli wao banasema mirembe. Kama utaondoka hapa na neno moja tu basi iwe hilo, na lingine la pili orio, ni aksanti, na orio muno ni aksanti sana.

Sasa bengi mumeniuliza ju ya nini mutu wa Goma asumbuke na Kiluhya wakati Kiswahili kinatosha Kenya nzima. Kinatosha kununua na kuuzisha, ndiyo. Lakini mufuate njia ya bintu byenu. Kontena inatoka Mombasa, inapita Nairobi, Nakuru, Eldoret, kisha Webuye, Bungoma, inafika mpaka wa Malaba, inaingia Uganda, halafu njo inashuka Bunagana ao inapitia Rwanda mpaka hapa. Webuye na Bungoma ni kwa Wabukusu, ni Waluhya hao. Kwa hesabu ya watu ya Kenya ya 2019 Waluhya walipita milioni 6.8, wa pili nyuma ya Wakikuyu tu. Na tangu 2022 Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo hao ni majirani zetu kabisa, si watu wa mbali. Shoferi wako akiharibikiwa na gari pale Webuye usiku, yule atakuja kumusaidia atakuwa omundu, ni mutu, wa pale, na mutu akisalimiwa kwa lugha ya mama yake anakuangalia kwa macho mengine.

Kitu kimoja kabla hatujaenda mbali. Kiluhya si lugha moja. Kuna Wabukusu, Wawanga, Wamaragoli, Waisukha, Waidakho, Watiriki, Wakabras, Wamarama, Wanyore, Wasamia na wengine, na jina lenyewe la Abaluyia lilishika miaka ya 1930, mbele ya pale wakoloni walikuwa banabaita Bantu Kavirondo. Miaka ya 1940 ilifanywa komite ya kutafuta Kiluhya kimoja cha kuandika, lakini Wamaragoli hawakukubali lugha yao imezwe, na mimi naona walikuwa na haki. Kwa hiyo usifungue kaye, daftari yako, ukaandika "Kiluhya" juu yake. Uliza kwanza: wewe ni Muluhya wa wapi? Akisema Bungoma andika Kibukusu, akisema Mumias andika Kiwanga, akisema Vihiga labda ni Kimaragoli, kila moja na ukurasa yake. Na pale Malaba angalieni muzuri, pale wengi ni Wateso, lugha yao si ya kibantu hata kidogo, mulembe utasikilizwa ju banaizoea lakini kwao haipo.

Haya, tuingie sasa kwa jambo lenye lilinileta hapa leo. Watu banapenda kujifunza Kiluhya kupitia Kiswahili, neno kwa neno, na baada ya juma mbili banachoka. Ju ya nini? Ju Kiswahili kimekaa Pwani myaka mingi na maneno yake mengine yalienda njia yake. Lakini Kinande ya Butembo, Mashi ya Bukavu, Kinyarwanda na Kiluhya, wenye kusoma lugha banaziweka pamoja ndani ya kundi la Maziwa Makuu. Daraja yako si Kiswahili, ni ile lugha unasemaga na koko yako, nyanya ao babu.

Angalieni kuku. Kiswahili ni kuku, haikusaidie. Kinyarwanda inkoko. Sasa Kiwanga: ingokho. Kibukusu: engokho. Munasikia? Na hiyo kuku muikumbuke, ju kwa Muluhya mugeni wa heshima anapikiwa ingokho, na firigisi ina mwenyewe, ni ya baba wa nyumba ao mukubwa, usiinyooshee mukono. Inakuja na obusuma, Wabukusu banasema busuma, ni bugali yetu hii hii.

Mutu: Kinande ni omundu, abandu. Kiwanga? Omundu, abandu. Nilinyamaza siku ya kwanza nilisikia vile, ile nd yote imekaa pale pale kama ya Butembo. Bintu: Kinande ebindu, Kiwanga ebindu. Mubukusu yeye anapenda kuongeza kichwa mbele ya neno, abandu anasema babandu, ebindu anasema bibindu. Ukishajua hiyo tabia moja umefungua maneno mamia bila kuyakariri.

Maji: Kiwanga amatsi, Kibukusu kamechi, na Mushi wa Bukavu aliye hapa anasema amîshi, umoja ule. Kwenda: Kiwanga okhutsia, Kibukusu khucha. Ukiona ts kwa Muwanga, kwa Mubukusu tafuta ch. Kuku mingi ni tsingokho huku, chingokho kule. Na ki ya Kiswahili inageuka: kitabu kwa Muwanga ni eshitabu, kwa Mubukusu ni sitabu. Ndiyo maana salamu ya asubui ya Kiwanga ni bushiere, kumekucha, na mwenye Kinyarwanda anajua bwakeye, ni mutoto wa tumbo moja ule.

Kujitambulisha, Kiwanga unasema elira lianje, jina langu, unaweka jina.

Halafu majina ya jamaa, haya muyashike zaidi ya bei na hesabu, ju kule kama huku humuite mukubwa kwa jina lake tupu. Baba ni papa, kama vile tunasema hapa. Mama kwa Wabukusu ni mayi, na yule mama wa kuuzisha ndizi pale barabarani ukimuita mayi amekuelewa tayari. Nyanya ni kukhu, babu ni kuka. Mujomba khocha, Wawanga banasema khotsa. Shangazi senge, Kiwanga senje, na mwenye Kinyarwanda anacheka peke yake pale nyuma, ju anaita masenge tangu alizaliwa.

Ile kh isiwatishe. Si k, si h, nyuma ya ulimi inakaribia paa la kinywa bila kufunga na pumzi inapita ikikwaruza. Na sauti zinapanda na kushuka, hizi lugha zina toni, Kiswahili haina, lakini wewe wa Kinande ao Mashi sikio lako linajua hiyo kazi, liache lifanye, usiimbe maneno kwa mudundo wa Kiswahili.

Mama mumoja hapa mbele ameuliza aanze na ipi. Mama, kama mali yako inapita Eldoret kwenda Malaba, anza na Kibukusu, na faida ingine ni kwamba ukishafika Mbale, Uganda, Wamasaba wa pale lugha yao ni ndugu wa karibu sana wa Kibukusu, maneno hayapotee. Mwenye jamaa Mumias achukue Kiwanga.

Juma ijayo kila mutu aje na kaye, upande moja aandike kichwa, jicho, mukono, mugulu, moto, njia, mvua kwa lugha ya kwabo, na ba Hunde mukuje kwa wingi, kuna maneno ya Kihunde nataka tuyaweke kando ya Kiwanga tusikie. Upande wa pili muuache mweupe, tutaujaza hapa pamoja.